Mama Soksi na Mto wa Miguuni

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Soksi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, binti wa tatu wa fundi saa na mkunga. Kabla hatujaendelea: alikataza tusiseme leo kwamba "alikuwa mnene" au "alijiachia". Tumeyataja mara hii moja, basi. Atakayeyarudia huko nje atajijua mwenyewe.

Alisoma shule ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, akawa anawaacha wavulana kwenye mbio. Alipovunja ungo, miguu yote miwili ilinenepa sawasawa kuanzia nyonga, ikakomea kwenye vifundo kama imefungwa kamba. Nyayo zilibaki nyembamba vilevile. "Miguu ya bibi yako hiyo," mama yake alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka 1979 alifungua saluni ya kusuka kwenye kona ya soko. Alisimama kutwa, na jioni ukimgusa paja tu anaruka kwa maumivu. Alama za damu kuvilia hazikumwisha mwilini. Majirani, wateja, hata daktari wa kwanza, wote walimwambia apunguze kula. Alijinyima mpaka akazirai na kitana mkononi. Uso ulisinyaa, miguu wala haikushtuka. Wakasema anakula kwa kujificha. Jamani, hilo lilimuuma kuliko miguu yenyewe.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na dereva wa lori. Mawifi walipoanza maneno yao, dereva aliwajibu, "Nimeoa mtu mimi, sikuoa mapaja." Walijaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2004 alikwenda zahanati kwa kikohozi. Daktari aliyemkuta alimbonyeza miguu taratibu, akauliza kama inauma na kama kuna mwingine nyumbani mwenye miguu hiyo. Akamwambia, "Mama, hii inaitwa lipidema, ugonjwa wa kurithi wa mafuta kujazana miguuni. Si ulafi, si uvivu, wala si matende. Hatutaiondoa, lakini utaishi nayo vizuri." Akamwagiza soksi za kubana, kuogelea, kutembea, kupaka ngozi mafuta, na kupumzika miguu ikiwa juu ya mto.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?" aliuliza, akalia palepale.

Tangu hapo hakushikika. Alinunua soksi nyekundu, akavaa gauni fupi ili zionekane. Kwenye bwawa la kuogelea watu walipokodoa macho, aliwaambia, "Mkimaliza kutazama mniambie, niingie majini." Pale saluni, mteja akilalamika miguu, aliambiwa anyanyue gauni kwanza, nywele baadaye. Wengi aliwapeleka kwa daktari yeye mwenyewe.

Bintiye alipoanza kuburuta sketi ndefu na kuruka chakula cha jioni, marehemu alimsogezea sahani. "Miguu nimekurithisha, sikatai. Aibu umeitoa wapi? Kaa ule."

Alifariki tarehe 14 Juni mwaka huu, hospitalini, kwa nimonia. Alisisitiza tuandike hivyo, asije mtu akaisingizia miguu yake.

Ameacha mume, mwana, wajukuu wanne, na binti ambaye ndiye anayewasomea haya, amevaa gauni la magotini na soksi nyekundu. Mkimaliza kutazama, mwambieni, aendelee.

Mto wa jeneza, kwa agizo lake, hatukuuweka kichwani. Pumzika, Mama, miguu juu.