Aliyehama Hatajwi

Asubuhi hiyo ya Novemba, benchi la wazee ndani ya duka la donati la Darlene, mjini Tarkington, Indiana, lilikuwa na msiba. Jana yake Nyundo, timu ya kikapu ya chuo cha mji huo, walipigwa nyumbani na Chuo cha Marlow, timu ndogo iliyoalikwa makusudi ije ifungwe ili msimu uanze vizuri. Kikapu cha mwisho alikitia namba kumi na mbili wa Marlow, kijana aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, ambaye Nyundo walimkalisha nje mwaka mzima hadi akahama. Na benchi lina sheria yake: aliyehama hatajwi jina, na atakayemtaja atawanunulia wote kahawa. Sheria hiyo aliitunga mmoja wa wazee hao, Delmar Stuckey, enzi ambazo waliohama walikuwa watoto wa wenzake. Namba kumi na mbili ni mjukuu wake. Tangu jana jina lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Vernon, wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Mgeni kaja, mwenyeji kalazwa. Na sisi ni wa kumi na nane nchi nzima!

— Kwa kura za waandishi, kabla mpira haujadunda hata mara moja, alijibu Lowell. Huko ni kumsifu mpishi kwa kuangalia aproni.

Lowell wanamwita Kigoda. Ujanani aliichezea Nyundo miaka minne, na yote minne aliimaliza amekaa benchi.

— We Kigoda usijifanye kocha. Maisha yako yote umefunga kamba za viatu tu.

— Angalau nilifunga. Wenzako jana mwishoni hata hizo hawakufunga.

— Tatizo ni sakafu, bwana. Imepigwa polishi mpya. Kaipiga nani? Fundi kutoka Ohio. Marlow iko wapi? Ohio. Unganisha mwenyewe.

— Acha fiksi! Tatizo ni umri. Yule mrefu wetu hiki ni chuo chake cha nne, ana mke na watoto. Mpira uko hewani, yeye anawaza nani kawalaza.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio kwa uzito.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Si ndivyo walivyotujaza vikapu? Kidogo kidogo! Halafu zile bisi. Siagi wamebadilisha. Vijana wetu wanaivuta harufu yake tangu Oktoba, imewalegeza magoti.

Redio akamtupia Delmar jicho.

— Ila yule... namba kumi na mbili. Mkono umetulia.

— Namba tu, Redio, Kigoda alionya.

— Si nimetaja namba! Na tulimzomea vizuri, mpaka sauti imenikauka.

— Mcheza kwao hutunzwa.

— Basi ndiyo tuzo yake hiyo!

Wakacheka. Delmar hakucheka. Jana alikuwa katikati ya kelele hizo, kofia ya Nyundo kichwani, mikono mfukoni. Mpira ulipoingia alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akamwambia jirani yake ni mafua. Ile aibu ilikuwa bado inamtafuna.

Mwanamke mmoja, dereva wa lori, aliingia akaagiza kahawa, akasimama kuwasikiliza.

— Samahanini, wazee wangu. Hiyo mechi niliisikia njiani. Hivi pale uwanjani, mtoto wa hapa mjini alikuwa nani?

Redio akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Yule mrefu wetu... alijaribu.

— Wa Texas huyo, alisema Kigoda.

— Mfupi je? aliuliza Redio.

— Katokea Lithuania.

Wakawapitia Nyundo wote watano walioanza mechi. Kila pembe ya dunia ilikuwa na mtu wake, isipokuwa Tarkington. Kigoda akachungulia ndani ya kikombe chake. Darlene alisimama na birika mkononi, hamimini.

Delmar aliinuka, akavua kofia, akaweka pochi juu ya kaunta.

— Wendell, alisema.

— Delmar! Redio aliruka. Kahawa hiyo!

— Wendell Ray Stuckey. Mjukuu wangu. Darlene, wamiminie, na huyu mama pia. Mmesikia, au nirudie?

— Tumesikia, mzee, alisema Kigoda taratibu.

— Wendell, alisema Delmar. Wamiminie tena.