Nyumba Pacha

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha kinyozi, kahawa ya kutosha na kelele za kutosha mtaa mzima. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa yangu. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemaliza kujenga, na nyumba yake ilikuwa pacha wa yangu: paa, baraza, hadi dirisha la jikoni lililowekwa chini kwa sababu marehemu mke wangu, aliyeichora ramani, alikuwa mfupi. Jirani mwenyewe ni mrefu kama mlingoti. Msibani, alipokuja kunipa pole, aliizunguka nyumba akipapasa kuta. Tulidhani ni majonzi.

Wakili wetu wa kijiwe, ambaye sheria aliiokota akifagia mahakama, alieleza kwamba ramani ina hakimiliki, na mchoraji akifa haki inahamia kwa warithi.

— Kwa hiyo, mzee, ile nyumba ni yako. Mwambie ahame.

Fundi alikohoa. Nyumba zote mbili alijenga yeye. Alidai hajaiba kitu, mikono yake tu ndiyo iliyokumbuka.

— Ikakumbuka na dirisha? akauliza Kinyozi.

— Hasa dirisha. Marehemu alinibomolesha mpaka nikaliota.

Kinyozi aliona kesi ni kubwa zaidi. Kama umbo lina mwenyewe, basi hata kivuli cha nyumba ile ni changu, na anayejikinga jua pale aniombe ruhusa. Wakili akadai na upepo unaoingia madirishani.

Mimi sikutaka nyumba, wala kivuli. Nilitaka mtu aseme tu kwamba aliyeiwaza nyumba ile ni mke wangu.

Ndipo akavuka barabara mke wa jirani.

— Shikamooni. Aliyechora nyumba yetu ni nani?

Benchi zima likanigeukia.

— Marehemu mke wangu.

— Pole, baba. Nilijua tu ni mwanamke. Jikoni kila kitu kinakuja mkononi chenyewe. Ila mume wangu akiosha vyombo anainama mpaka mgongo unamlilia. Tunaomba tulipandishe lile dirisha.

— Ruhusa anayo huyu, Wakili akadakia. Ndiye mrithi.

— Najua. Lakini marehemu mwenyewe angekubali?

Wakili alinigeukia mimi. Fundi akajikuna kisogo. Mimi niliyeishi naye nililitafuta jibu, nisilione.

Yule mama akasukuma kidogo miguu ya Kinyozi, akapata nafasi kwenye benchi, akakaa kusubiri.