Mzee Saleh, Aliyemshona Mteja Kwenye Siti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona siti za magari, Mzee Saleh Muzamil anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Karakana yetu ya hapa Bugene itabaki na cherehani yake, meza yake na harufu ya gundi, ambayo haina tarehe ya kustaafu.

Mzee Saleh ni mzaliwa wa Pangani. Alifika Karagwe mwaka 1994 kumsalimia mjomba wake aliyekuwa na duka la vitambaa Kayanga. Mwaka ule wilaya ilijaa magari ya misaada kwa wakimbizi, barabara zilikuwa mbovu, na siti zilichanika kuliko matairi. Mjomba alimwomba ashone siti moja kabla hajaondoka. Safari ya kurudi Pangani imekuwa ikiahirishwa tangu wakati huo.

Kwa tabia ni mtu wa vifuniko. Nyumbani kwake redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, na birika lina chake cha kazi na kingine cha Ijumaa. Hapa kazini alianza na usukani, akaenda kwenye gia, akafika kwenye breki ya mkono. Jeki kubwa ya karakana ina vazi la maua ya zambarau ambalo hufuliwa kila mwisho wa mwezi. Wateja wapya hucheka. Wateja wa zamani huuliza kama kuna la rangi nyingine.

Chochote alichokikuta ndani ya siti alikirudisha kwa mwenyewe. Alirudisha rozari, tasbihi, funguo za makabati ambayo hayapo tena, na msimu wa senene alirudisha senene. Kuna jino moja la bandia ambalo mpaka leo halijadaiwa. Lipo kwenye kikopo dirishani, nalo limefunikwa.

Wengi mnamkumbuka marehemu Ambrose, mume wangu, aliyekuwa dereva wa pikapu ya karakana. Mwaka jana, baada ya msiba, pikapu ile iliingizwa kwa Mzee Saleh ishonwe upya. Siti ya dereva ilikuwa na kibonde upande wa kulia, kwa sababu Ambrose alikaa kiupande ili aone wapita njia na kuwapungia. Mzee Saleh alikuja stoo akaniuliza kama kibonde kijazwe sponji. Nilimwomba akiache. Alishona ngozi mpya ikafuata kibonde kama kilivyo. Madereva wapya wanalalamika mgongo, naye huwajibu kwamba watazoea.

Miaka ya karibuni kazi yake ilibadilika. Vijana wa biashara ya kahawa walianza kununua magari ya spoti ya milango miwili, na kila mmoja alitaka siti za mashindano, zile zenye mbavu mbili zinazomkumbatia dereva na ambazo haziegemei nyuma. Walitaka pia mikanda ya ncha nne: miwili inashuka mabegani, miwili inazunguka kiuno, yote inakutana kwenye kifungio kimoja tumboni. Mzee Saleh alizifunga siti hizo kwa moyo mmoja, ingawa alisema zimetengenezwa na watu wembamba wasiokula ndizi. Mama mmoja wa Kituntu aliingia vizuri kwenye gari la mwanawe. Kutoka kulihitaji kikao cha ukoo.

Sharti lake lilikuwa moja: mkanda wa kiwandani hautolewi. Alieleza kwamba mikanda minne inamshika mtu wima kama nguzo. Gari la mashindano lina kizimba cha mabomba juu ya kichwa cha dereva. Gari la barabarani lina bati tu, na likipinduka bati likashuka, mtu anahitaji nafasi ya kulala pembeni. Wapo walionuna. Hakuna aliyepewa gari bila mkanda wake wa zamani.

Sasa nije kwenye kazi iliyomfanya ajulikane hadi Kyerwa.

Mwezi Mei, Rwegoshora, mnunuzi wa kahawa wa hapa Bugene, alileta Subaru yake iwekwe siti mbili za mashindano na mikanda ya ncha nne. Alikuwa na haraka. Jumamosi ile alitakiwa Isingiro, kujitambulisha kwa Mzee Mbonimpa, baba yake Kemigisha. Posa mbili za wengine Mzee Mbonimpa alishazikataa, moja kwa sababu kijana alipiga honi getini. Rwegoshora alimpenda Kemigisha tangu walipokuwa shule, na alijua hatapata siku nyingine.

Asubuhi ya Jumamosi kazi ilikuwa imekamilika, isipokuwa kifuniko cha kifungio. Mzee Saleh hakuridhika kukiacha kifungio wazi kwenye safari ya ukweni. Kwao Pangani, nguo ya harusi humaliziwa mwilini. Kwa hiyo Rwegoshora alikaa na suti yake, akafungwa mikanda yote minne, na Mzee Saleh akapiga magoti mlangoni akashona kifuniko cha ngozi bandia kuzunguka kifungio. Mikia ya mikanda iliyokuwa inaning'inia akaishona pia, isichafue suti. Kazi ilipendeza sana. Tulipiga makofi. Pembeni alikaa fundi wetu Mugisha, rafiki wa Rwegoshora, akiwa na mkanda wa kawaida kwa sababu zamu yake ya kupimwa ilikuwa haijafika. Wakaondoka.

Yaliyotokea Isingiro tumeyapata kwa Mugisha, na Mzee Mbonimpa mwenyewe ameyathibitisha.

Gari liliingia uwanjani taratibu, bila honi. Mzee Mbonimpa alisimama mbele ya nyumba na ndugu zake. Kwa desturi yao mkwe hamsalimii baba mkwe akiwa ameketi. Anashuka, anakaribia, anainama. Rwegoshora alitafuta pa kubonyeza, akakuta ngozi. Alitafuta pa kulegeza, akakuta uzi. Mwishowe alitoa shikamoo dirishani, kwa sauti kubwa, akiwa amenyooka.

Mzee Mbonimpa hakuitikia. Mugisha akashuka na kueleza kwamba mwenzake ameshonwa.

"Mtu mzima hashonwi kwenye kiti," alisema mzee, akaingia ndani na mlango ukafungwa.

Shangazi yake Kemigisha, Mama Uwimbabazi, alibaki nje kuchunguza. Alizunguka gari mara mbili.

"Wenzako wanaleta zawadi kwenye kifurushi," alimwambia Rwegoshora. "Wewe umekuja ndani yake."

Akaleta panga. Rwegoshora alilikataa kwa heshima zote. Mugisha alipiga simu karakana, na Mzee Saleh akasema wasikate kitu, uzi umepita kwenye mkanda wenyewe, anakuja. Akapanda bodaboda na sindano zake, vumbi lote lile hadi Isingiro. Wakati huo Mama Uwimbabazi alimlisha mgeni ndizi kwa kijiko kupitia dirishani, akisema mtu hafi njaa kwenye uwanja wao hata kama posa yake imekufa. Kemigisha aliangalia kupitia upenyo wa pazia. Mugisha anasema alikuwa analia, au anacheka, ilikuwa vigumu kujua kwa mbali.

Mzee Saleh alipofika hakwenda kwenye gari. Alikwenda mlangoni kubisha hodi.

"Kijana wenu amekaa pale tangu asubuhi, halafu wewe unaanza na salamu?" aliuliza Mama Uwimbabazi.

"Nikianza na gari, tutakuwa wawili tusiosalimia," alijibu.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Saleh alisalimia, akapewa kahawa ya kutafuna, akaipokea kwa mikono miwili, ndipo akasema kwamba kijana hana kosa, sindano ni yake, na amekuja kuomba radhi kwa niaba ya sindano. Mzee Mbonimpa alichukua kigoda akaenda kukaa mbele ya mlango wa Subaru ili aone mwenyewe. Aliangalia kila uzi ukifumuliwa. Katikati ya kazi aliuliza kwa nini gari lina mikanda minne. Mzee Saleh akasema hilo hata yeye amekuwa akiliuliza.

Uzi wa mwisho ulipotoka, Rwegoshora aliweka miguu chini, na miguu haikuwepo. Ilikuwa imekufa ganzi. Akaanguka kwa magoti mbele ya kigoda, kichwa chini, akasema shikamoo. Mzee Mbonimpa akaitikia marahaba, akageuka kwa ndugu zake na kusema huyu sasa amefundishwa. Hakuna aliyemsahihisha.

Hata hivyo hakutoa jibu. Alisema hazungumzi mambo ya binti yake na mtu aliyefika amefungwa. Siku ya posa aje yule mzee wa sindano, amsikilize yeye. Rwegoshora alirudi Bugene akiwa amefunga mkanda wa kiwandani.

Posa yenyewe ni kesho, Jumamosi. Kwa hiyo Mzee Saleh, ambaye upande huu hana ndugu tangu mjomba wake alipofariki, anaacha ufundi leo na kesho anaongoza ujumbe kwenda Isingiro akiwa mshenga. Rwegoshora hajala vizuri wiki nzima. Amepita karakana kila siku kuuliza kama mzee anajisikia vizuri.

Jana jioni Mama Uwimbabazi alimpigia simu Mugisha. Alisema mshenga asichelewe, afike mapema kabla ya wageni wengine, kwa sababu wao ni Walutheri na mbuzi anatakiwa achinjwe na Mwislamu ili mshenga naye ale. Mugisha aliuliza ni mbuzi wa nini, maana jibu halijatolewa. Mama Uwimbabazi akamwambia aache maswali, mbuzi ni wawili.

Mzee Saleh, karakana nzima inakushukuru. Ukalale usingizi wa mtu asiye na gari linalomsubiri asubuhi, afya iwe nzuri, na huko Isingiro upokewe kama mtu wa nyumbani.

Vero, Stoo