Mwalimu Eustace Lukumani na Bomba Lililongoja Mgeni

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji Bwana Luhende, mama yetu mzazi Eustadia, ndugu wa Igalula na wa mjini, wanakijiji wa Mwamko, na ninyi mliotembea na mvua tangu asubuhi, familia inawaomba mkae, hata chini kama mabenchi hayatoshi, mumsikilize Mwalimu Eustace, maana yeye hawezi tena kusema na haya ndiyo maisha yake, yameandikwa kwa haraka na mjane wake, mtoto mmoja akiwa mgongoni na mwingine akilia kitandani, na anayeyasoma ni kaka wa marehemu, Masolwa, ambaye ameombwa asiruke mstari hata mmoja, hata ule unaomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu Eustace Lukumani alizaliwa tarehe 20 Septemba 1935, karibu na stesheni ya Igalula, akiwa mtoto wa pili wa mzee Lukumani, aliyetangulia mbele ya haki, na mama Eustadia mnayemwona hapa mbele, na babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe, aliyekwenda pwani na kurudi mpaka bega moja likawa chini ya jingine, na mzee yule alimwachia mjukuu wake neno ambalo litarudi mbele ya safari, kwamba njia ya misafara haikupita palipo karibu, ilipita palipo na maji, kutoka kisima hadi kisima, na mpagazi akifika kisimani alikunywa kwanza, salamu zikafuata.

Marehemu alianza masomo ya msingi katika shule ya misheni mwaka 1944, akaendelea na shule ya kati mjini Tabora, akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu Desemba 1955, na Januari 1956 akaajiriwa kufundisha katika shule ya msingi karibu na kwao Igalula, ambako Uhuru ulimkuta ubaoni, akiwapanga watoto mstari mmoja chini ya bendera mpya, akiwaambia kwamba sasa ni kazi, na kweli alifanya kazi, akafundisha hesabu, Kiswahili na usafi kwa miaka kumi na miwili, wala hatujasikia mzazi aliyemlalamikia.

Mwezi wa Oktoba 1967, lambo la pale lilipokauka likabaki tope, na wanafunzi wa kike wakawa wanafika darasani saa nne kwa sababu ya kutafuta maji, marehemu alikuwa ameandika ubaoni, kwa mwandiko wake ule mnaoujua, CHEMSHA MAJI YA KUNYWA, mtoto mmoja jina lake Maua, ambaye leo ni mama mzima na amekaa pale na wanawake wenzake, akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, tuchemshe yapi?", na darasa halikucheka, mwalimu akafuta ubao, akaendelea kuufuta hata ulipokwisha kuwa safi, na baadaye alisema kwamba siku ile aliona anafundisha maji kwa chaki.

Tarehe 31 Desemba 1967 marehemu aliacha ualimu kwa hiari yake ili akajifunze ufundi bomba, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na hapo ndugu hawakuelewana, mama Eustadia aliuliza tu kama huko ataendelea kuvaa viatu, lakini kaka yake Masolwa, msomaji huyu, alisimama mbele ya wazee akasema, "Watu wanatoka shimoni waende ubaoni, wewe unatoka ubaoni uende shimoni, nani amekuroga?", na neno hilo lilizunguka Igalula yote mpaka likafika mjini kabla yake.

Alipokelewa na fundi Rajnikant, mwenye karakana mjini Tabora, na pale karakana alikuta vijana wasio na ndevu bado, wawili kati yao aliwahi kuwafundisha kusoma, na hao walipata tabu kwa sababu walikuwa wamemtangulia kazini lakini hawakuweza kumwamuru mwalimu wao bila heshima, basi kutwa nzima ilikuwa, "Shikamoo mwalimu, shika huku mwalimu, nyanyua mwalimu, siyo hiyo mwalimu," na yeye anaitika marahaba na bomba la chuma liko begani kama babu yake na pembe, na Rajnikant akawa anamwambia, "Mwalimu, maji hayaogopi kiboko, ukiyaelekeza vibaya yanakuaibisha mbele ya watu," jambo ambalo lilitimia mwezi wa tatu tu, alipofungua koki ambayo alipaswa kuifunga, dukani kwa Bwana Nanji, mfanyabiashara wa vitambaa, majora yakaelea, kanga zikatoa rangi, na Bwana Nanji, amepandisha suruali magotini, akasema, "Mwalimu, leo umefundisha duka langu kuogelea," na kanga zile zikaitwa kanga za mwalimu, kuna watu wamezivaa hapa leo.

Hakurudi ubaoni, ingawa wengi walimngojea arudi, alijifunza kukata bomba, kulichonga uzi nchani ili liingiane na jingine, kuzungushia katani na rangi kwenye maungio mpaka tone lisipite, na mwaka 1972 Rajnikant na mkewe Usha walipoondoka kwenda kuishi na watoto wao ng'ambo, Rajnikant alimkabidhi marehemu spana yake kubwa akamwambia asiiazimishe, na tangu hapo marehemu akajitegemea, akitengeneza mabomba ya majumbani mjini na huko Kipalapala walikokuwa wakimwita.

Ndoa ya marehemu ilitokana na kazi hiyohiyo, maana aliitwa mtaani Isevya, katika nyumba moja kutengeneza bomba linalovuja, na pale alimkuta Flavia, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anakaa kwa shangazi yake, na bomba liliacha kuvuja siku ya kwanza, lakini fundi aliendelea kulitengeneza kwa majuma matatu, mpaka shangazi akamwambia, "Mwalimu, sema unalotaka, bomba langu limepona," wakafunga ndoa takatifu tarehe 24 Novemba 1973, na Mungu akawajalia watoto wawili, Apolinaria, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1975, na Wenceslaus, aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1976.

Agosti 1974 marehemu na mkewe walihamia kijiji hiki kipya cha ujamaa, Mwamko, kama tulivyohamia wote, wengine kwa hiari na wengine kwa lori, na kila mtu anakumbuka tuliahidiwa nini, shule, zahanati na maji, na marehemu aliiamini ahadi ile kuliko sisi, basi mabomba yalipoletwa Julai 1975 yeye ndiye aliyepima mtaro, akaupitisha katika ile njia ya zamani ya misafara, akisema wazee walikwisha kumpimia, na ninyi mkachimba, wanaume kwa wanawake, Flavia naye akashika bomba kwa mikono miwili huku mtoto akiwa mgongoni, kutoka kwenye tangi la juu ya mwamba, ambalo pampu ya upepo hulijaza, mpaka hapa kijijini, na kazi ikakamilika tarehe 22 Novemba 1975, maji yakafika kwenye koki kuu, yamesimama pale, ukiweka sikio unayasikia.

Na sasa ndugu waombolezaji, hapa ndipo mjane ameomba msomaji asome polepole, ingawa yeye mwenyewe ameandika mbio mbio. Bomba halikufunguliwa. Ilisemwa lifunguliwe na mgeni rasmi, siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, na ni majuma mawili tu, marehemu akaagizwa akitoe kishikio cha koki kuu akakiweke nyumbani kwake, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, utepe ukafungwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, ng'ombe akachinjwa, na mgeni akaitwa mkutanoni kwingine, tukala ng'ombe wetu wenyewe. Ikasemwa tarehe 5 Februari, watoto wakafundishwa wimbo wenye jina la mgeni, mgeni akahamishwa mkoa, wimbo ukatafutiwa jina jingine. Ikasemwa Saba Saba, gari likaharibikia njiani, ikasemwa tena Uhuru, na hapo hatukuelezwa hata sababu, na wakati huo wote tunachota lamboni pamoja na ng'ombe, utepe umenyauka umekuwa rangi ya majani ya chai, watoto wakipita pale wanasema, "Shikamoo bomba," kwa kuwa ni mzee aliyesimama tu bila kazi, na wanaokunywa maji ya tangi lile mpaka leo ni njiwa peke yao.

Marehemu alikwenda kwa baiskeli mpaka Igalula, akapanda treni mpaka mjini, akaketi kwenye mabenchi ya ofisi, akaambiwa avute subira na watu waliokuwa wanakunywa chai, akarudi, akaenda tena, na wanakijiji walimsuta, mnajua wenyewe, "Fundi, bomba lako linakunywa au linanyweshwa?", na yeye alicheka nanyi barazani lakini akiingia ndani halali. Wengi wameuliza, na mkewe ameuliza kuliko wote, kwa nini asifungue tu. Aliogopa, ndugu zangu, maana tuliambiwa kijiji kitakachojifungulia bomba kitaandikwa kuwa hakina nidhamu, na mabomba ya kupeleka maji zahanati watapewa wengine, na tena alikuwa mwalimu, akamwambia mkewe, "Flavia, nimefundisha watoto kukaa kwenye foleni miaka kumi na miwili, leo niwe wa kwanza kuiruka?", na mkewe akamjibu, "Foleni ya kumngoja nani, baba Apolinaria? Njiwa wamekwisha kunywa," mumewe akachukua ndoo akaenda lamboni kama kila mtu.

Marehemu alianza kuugua tarehe 3 Januari 1977, homa na tumbo, mvua zilikuwa zimeanza kusombea kila uchafu lamboni na kuni zote zimelowa hata kuchemsha ni shida, akatibiwa zahanati, hali ikazidi, tarehe 12 akapelekwa kwa treni mpaka hospitalini Tabora, ambako madaktari waligundua ni homa ya matumbo, na wakampigania kwa dawa walizokuwa nazo. Siku mbili kabla hajatutoka, muuguzi alifungua bomba la pale wodini akamjazia kikombe, marehemu akakitazama kile kikombe sana, akauliza, "Sista, bomba hili lilifunguliwa na nani?", muuguzi akadhani ni homa, akamjibu, "Si ni mimi, sasa hivi, hukuniona?", na marehemu akacheka, alicheka mpaka kitanda kikatikisika, akanywa yote, kisha akamgeukia mkewe akamwambia kishikio kiko darini, kimefungwa kwenye kitambaa, juu ya pale anapolala Apolinaria. Marehemu alifariki dunia tarehe 29 Januari 1977, siku ya Jumamosi asubuhi.

Jana jioni treni ilipotuleta na mwili, Bwana Mwenyekiti alikuja kutoa pole, tunamshukuru, na baada ya pole aliomba akabidhiwe kishikio, kwa usalama, kwa sababu mgeni rasmi amethibitisha kuja Jumamosi hii, tarehe 5 Februari, siku chama kipya kinapozaliwa, siku ambayo kila mkubwa wa nchi hii anajua mahali atakapokuwa, na si Mwamko. Mjane alimwambia, "Mzee, kesho nitakileta mbele ya watu." Amekileta. Chuma kile kilichofungwa kitambaa juu ya sanduku, mlichodhani ni msalaba, ndicho hicho. Mjane haombi ugomvi, anaogopa, tangu juzi mwili wa binti yake Apolinaria unachemka kama ulivyoanza kuchemka wa baba yake, bado hajafikisha miaka miwili, yuko ndani na bibi mmoja anamkanda kwa maji ya lambo, hakuna mengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora, hasa yule sista wa kikombe, wafanyakazi wa reli waliousafirisha mwili kwa heshima, Baba Paroko, majirani wote na hasa Maua, aliyemwogesha mwalimu wake alipokuwa hawezi kusimama, Bwana Nanji aliyetoa sanda na kusema deni la kuogelea limekwisha, na mafundi wenzake wawili waliofika kutoka mjini, ambao mjane amewapa ile spana kubwa ya Rajnikant, kwa leo tu imeazimishwa.

Sasa sanduku litanyanyuliwa, na halitakwenda moja kwa moja makaburini, litapita bombani, ni njia hiyohiyo, litawekwa chini mbele ya utepe, mafundi watatia kishikio na kuzungusha, na Bwana Mwenyekiti asipate tabu ya kuandika taarifa, aandike kwamba bomba la Mwamko limefunguliwa leo Jumatatu, tarehe 31 Januari 1977, na mgeni rasmi alikuwepo, alifika kwa treni kutoka Tabora, hakuhutubia. Ndoo ya kwanza Maua aikimbize kwa Apolinaria, na tukitoka kuzika, sote tutanawa mikono pale.

Pumzika, Mwalimu, foleni imesogea.