Asnath Lugembe, Aliyeiandika Siri Yangu

Ndugu waombolezaji, wakubwa shikamooni. Mimi ni Julieth, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Wazee wameniambia nisome mazuri tu. Mazuri yapo, ila na mengine nitayasema.

Marehemu Asnath Lugembe alizaliwa Igunga tarehe 9 Machi 1952. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari na ualimu hapa Tabora. Utotoni alitumwa shambani kuamia ndege, akawakusanya wenzake na kuwasimulia hadithi mpaka ndege wakajilia mpunga wetu. Baba alimchapa, huku akimuuliza hiyo hadithi iliishia wapi.

Mwaka 1975 alianza kufundisha Itetemia. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Mwalimu Festo, ambaye sasa ni marehemu, wakajaliwa Silasi na Benedikta. Jioni aliandika riwaya, na zilisomwa kwelikweli. Basi halikupita Igunga bila abiria mwenye kitabu chake mkononi.

Mimi niliolewa Sikonge na Shigela, mrina asali. Mwaka 1983 nilimnong'oneza dada kwamba mwanangu Dionis si damu ya Shigela. Nilimwambia yeye peke yake. Mwaka uliofuata siri ikatoka kitabuni, yote, mpaka mizinga yetu na kovu langu la shavuni, ila humo nikaitwa Nyamizi. Shigela alikisoma, akanirudisha kwetu na mtoto mgongoni. Dionis naye alikuja kukikuta shuleni, wenzake wakamcheka. Watani wananiita Nyamizi mpaka leo, hata jana hapahapa msibani. Niliumia, jamani. Angekuwa jirani ningesahau, lakini huyu ni dada yangu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021. Nilimuuguza mimi, nikimwogesha na kumnywesha uji, huku nikingoja aniombe radhi. Hakuniomba, nikamuuliza mwenyewe kwa nini alinifanyia vile. Akanitazama, akasema, "Julieth, mbona sikukutaja jina?" Alifariki dunia tarehe 3 Juni 2024.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, Dionis aliyebeba jeneza lake leo, na mimi. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani. Hilo nimemwombea kwa moyo wangu wote. Kumsamehe bado, ndugu zangu. Mnivumilie.