Wakili Aliyewakatalia Wauza Mbolea

Wachungaji, wazazi wetu, na nyinyi nyote mliopanda mlima leo kutoka Kitale na Bungoma kutusaidia kubeba huzuni hii, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu, wakili Ezra Kipketer Chesang.

Ezra alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 hapa Kapsokwony, mtoto wa tatu wa Mzee Kimutai na Mama Cherono, akaanza shule hapa hapa mwaka 1957, akaendelea hadi Nairobi alikosomea sheria, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1977. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani Kitale na Mwihaki, binti ya Mzee Ndung'u wa Cherangany, na aliyemsimamia siku hiyo ni rafiki yake Wabwile, muuza mbolea wa Bungoma, ambaye ameturuhusu tumtaje. Mungu aliwapa Jepkemboi, Kimutai na Wacera. Alifungua ofisi Kitale mwaka 1981, na nyingine Bungoma mwaka 1986.

Mwaka 1989 ilipoanza kutumika sheria ya kuwazuia wafanyabiashara kupanga bei pamoja, wengi walidhani inawahusu wakubwa wa Nairobi tu, lakini Ezra alizunguka duka kwa duka akiwaeleza wateja wake kwamba kila mmoja ajipangie bei yake, wasigawane wanunuzi, na wakikutana chamani wasizungumze bei hata kwa mzaha.

Januari 1994, kabla ya kupanda mahindi, wauza mbolea wa miji yote miwili walimjia wakiongozwa na Wabwile, wakitaka awaandikie mapatano ya bei moja, na kwamba wa Kitale wasiuze Bungoma, wala wa Bungoma wasiuze Kitale. Alikataa, na waliposema basi wataelewana kwa mdomo, akawaambia, "Hata mkipeana mkono tu, ni kosa."

Wabwile alimjibu, "Kumbe nilikusimamia arusi ndio uje kunifungia duka." Wakaondoka, wakapatana bila yeye.

Tangu siku hiyo Ezra hakutulia. Wateja walihama mmoja mmoja, ofisi ya Bungoma ikafungwa Agosti, na nyumbani akisikia gari langoni alisimama kuchungulia nyuma ya pazia, kwa sababu aliogopa rafiki zake watashikwa, na aliogopa pia kwamba wakishikwa watasema ni yeye aliyewashtaki. Mwihaki alimuuliza kinachomsumbua, hakumwambia, maana ilikuwa siri ya ofisi.

Machi 1995 wachunguzi walifika kutoka Nairobi, na mjini ikasemwa ati Chesang amewauza. Jepkemboi alirudi kutoka shuleni akilia, ameitwa mtoto wa msaliti, na Mwihaki akamsihi mumewe wahamie Cherangany kwa wazazi wake. Ezra alisema, "Nikihama wataamini." Hakuweza kujitetea bila kufichua aliyoambiwa na wateja, kwa hivyo alinyamaza, akakonda, presha ikampanda.

Wabwile alipohojiwa ndipo alipojua kwamba waliolalamika ni wakulima wa Mabanga, waliozunguka maduka yote wakakuta bei ile ile. Alikiri mbele ya wachunguzi kwamba wakili aliwaonya mapema, akajitoa katika yale mapatano, kisha akaja kusimama mlangoni kwa Ezra. Ezra alimwambia aingie anywe chai.

Tarehe 3 Juni 1997 Ezra alipooza upande wa kulia na kupoteza sauti. Alilazwa Kitale, kisha Eldoret, na Wabwile alikuwa akisafiri kutoka Bungoma kwenda kumlisha uji, hadi Ezra alipotuacha alfajiri ya tarehe 21 Julai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matanga, mawakili wenzake, wateja waliomrudia, na wale ambao hawakumrudia lakini tunawaona hapa leo. Yeye hakututajia majina yenu, nasi hatukuuliza. Ezra, sasa hakuna gari la kusikiliza langoni. Pumzika kwa amani.