Kipande Kinachokula

Nimechelewa kwa sababu nilipitiliza kituo, wajukuu zangu. Nyuma yangu kwenye basi, mama mmoja alikuwa anamweleza binti mmoja anayefanya kazi maabara kwamba dawa ya saratani imemkondesha mumewe bure, hata kula hawezi, na kesho anaanzishiwa nyingine.

"Sisi kwenye utafiti tunakata kipande cha uvimbe, tunakilea kwenye kisahani cha maabara, dawa tunaijaribu hapo kwanza," binti akasema.

"Kiko hai?"

"Kiko hai, mama, na kinakula."

"Loo, kinamshinda mwenyewe!" Wakacheka. "Lakini mume wangu ni kisahani?"

"Hapana. Na kisahani nacho hukosea."

"Sasa nimwombe daktari asubiri, dawa ijaribiwe kwanza kwenye kipande chake?"

Kabla binti hajajibu, basi likafika kituo cha mwisho. Jamani, dawa inaonjwa nje ya mtu! Nimerudi kwa miguu namuwaza yule baba asiyeweza kula. Haya, kaeni wote, tule.